Bati na Kabati

...na taa zenyewe wamezirudisha mviringo, macho mawili ya mviringo kama waliyokuwa nayo wazazi wao, na tairi la akiba mgongoni, na ubavu ulionyooka kama ukuta, ukiyatazama haya magari mawili kwa mbali unaweza kudhani ni yale yale yetu yametoka kuoga, ila ukikaribia, ah, ukikaribia unaona hizi ribiti za mlangoni ni za mapambo, hazishiki kitu, wamezibandika tu ili sisi wenye umri tukiziona tulegee, na mimi nimelegea, sikatai, nimekaa kwenye usukani wa Bati jipya ndani ya duka la magari lenye sakafu inayong'aa mpaka unaogopa kuikanyaga, mikono yote miwili juu ya usukani utadhani kuna mtu atanipokonya, mume wangu kiti cha pembeni, na muuzaji mwenye tai ameinama dirishani upande wangu, ananiuliza kwa ule upole wa kufundishwa, "Basi Mama, tuseme lipi? Hili, au lile la pale?" na lile la pale ni Kabati, Kabati jipya, linanitazama tangu tulipoingia, na mimi sijalijibu, wala yeye sijamjibu, ingawa jibu ninalo tayari. Jibu ni Bati. Nitamwambia Bati, mume wangu afurahi, twende nyumbani. Nilishaamua jana jikoni, binti yetu mkubwa aliposema, "Baba, Mama, sisi watoto tumekaa tukakubaliana, tunawanunulia gari, la milimani na la matopeni, lile mlilokuwa mnalilia miaka yote, mchague wenyewe," nami nikaweka chini sahani niliyokuwa naiosha, nikamgeukia baba yake, nikasubiri vita, maana nyumba yetu imejengwa juu ya hiyo vita, Bati au Kabati, watoto wetu wamelelewa ndani yake, wamenyonya huku wakisikia kwamba gari la baba linavuja na gari la mama lina kutu, na badala ya vita mume wangu akapangusa mdomo, polepole, akasema, "Mwulizeni mama yenu. Mimi sina neno." Sina neno! Yeye! Mtu aliyenipinga siku ya harusi yetu, na shela langu kichwani, kuhusu springi za nyuma! Nikaogopa, kwa sababu daktari wa macho alipomwambia asiguse tena usukani aliitikia tu kwa kichwa, nikajua ameumia, lakini niliposikia "sina neno" nikajua anaaga. Anaaga polepole, kama mtu anayetoka kwenye sherehe bila kutaka wenye nyumba wamwone. Basi hapo hapo nikasema moyoni, nitampa Bati, ashinde, ashinde mara hii moja ya mwisho, mimi nitakosa nini...

"Hili lina kamera nne," anasema mwenye tai, "unaona hata chini ya boneti, Mama, kama vile boneti haipo," na mimi naitikia ehe, ehe, huku nikiwaza kwamba sisi tulikuwa na kamera pia, kamera yetu ilikuwa nesi wa chanjo, unamteremsha na fimbo, anakunja sketi, anatangulia majini akichoma choma chini, na ukimwona ameingia mpaka kiunoni unajua hapa si njia. Nilikuwa dereva wa gari la chanjo. Naomba nijisifu kidogo, hakuna anayenisikia, mimi nilikuwa dereva wa gari la chanjo wakati ambapo kwenye karakana ile ya serikali mwanamke alikuwa ni yule anayeleta chai, na fundi mkuu siku ya kwanza akanipa funguo za Kabati akicheka na meno yote nje, akisema hili zito dada, usukani wake unahitaji mabega, nikamwambia mabega ninayo, nipe na karatasi ya kuchukulia mafuta. Wiki haikuisha wakaanza kuniita Mama Gia na mtoto sijapata bado. Kabati hilo! Walilitukana wao, watu wa Bati, walisema limekaa kama kabati la nguo, mraba mbele na mraba nyuma, ukifungua mlango utakuta makoti ya marehemu, nasi tukalitukana lao kwamba limetengenezwa na bati la kuezekea, linapiga kelele njia nzima na mvua ikinyesha linavuja juu ya goti la dereva, goti lile lile kila mara, na kweli lilikuwa linavuja, mume wangu alikuwa na suruali yenye doa la maji gotini, ungemjua kwa hilo doa. Matusi yakazoeleka yakawa majina. Hata binti yetu mkubwa, yule pale nje ya kioo anayeongea na simu mkono mmoja kiunoni, meneja mzima watu wanamwogopa, akiwa mdogo aliandika insha shuleni kwamba wazazi wake ni wa makabila mawili, Bati na Kabati, mwalimu akatuita kutuuliza kabila la Kabati liko wapi. Tulicheka njia nzima ya kurudi, halafu karibu na nyumbani tukaanza kubishana ni kabila gani lilikuja kwanza. Na kwa sababu hatukuwahi kukubaliana, miaka yote ya ndoa yetu tumeendesha kigari kidogo cheupe, cha chini, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekipenda, tulikinunua kwa ajili ya amani, kikikwaruza tumbo kwenye kila tuta, na kila kikikwaruza tunatazamana, na kila mmoja anajua mwenzake anachotaka kusema.

Mume wangu ananyoosha mkono. Sijageuza kichwa lakini namwona, macho yake yamebaki na mwanga na vivuli tu, basi sasa anaona kwa vidole, amegusa dashibodi, ameshuka, anapapasa katikati ya viti viwili, anatafuta... ee Mungu wangu, najua anachotafuta. Anatafuta gia. Bati la zamani lilikuwa na ugonjwa wake, mteremkoni gia inachomoka yenyewe, kwa hiyo abiria wa kiti cha mbele hakuwa abiria, alikuwa mfanyakazi, kazi yake ni kushika kile kijiti kwa nguvu mpaka chini ya mlima, "Shika gia, mke wangu!" aliniambia tulipokwenda kwa mara ya kwanza kwa wazazi wake, na mimi na gauni langu la kwenda ukweni nimeshika gia kwa mikono miwili, nikafika nina oili mpaka kwenye kiwiko, mama mkwe akanipokea, akaitazama ile oili, akamtazama mwanawe, akasema, "Huyu atakufaa." Na sasa yeye ndiye kiti cha pembeni, na mkono wake umejipeleka wenyewe kutafuta kazi. Hakuna kijiti. Kuna kitufe cha kuzungusha, laini, kama cha redio. Ameshika kile kitufe, amekizungusha kidogo, amekiachia, amerudisha mkono pajani. Namjua. Hapo amepoteza gia kwa mara ya pili, ya kwanza ilikuwa kwa daktari, na mwenye tai anaendelea, "Na muundo huu, Mzee, ni kumbukumbu ya lile la asili, wamelienzi, watu wanalipenda mno, wanasema lina roho ya zamani," na mume wangu anaitikia, "Mm." Kisha anakunja kidole, anagonga mlango kwa ndani, ko ko, anasikiliza, anagonga tena chini kidogo. "Na kule nje?" anauliza. "Nje ni alumini, Mzee, imara kabisa." "Mm," anasema tena. Roho ya zamani! Roho ya zamani ilikuwa na harufu ya oili na mkeka wenye unyevu, ilikuwa na dirisha unalisukuma kwa kiganja, na mlango unaoubamiza mara mbili, mara ya kwanza ni salamu, ya pili ndiyo kufunga. Lakini sitaki kuwa mtu wa kununa mbele ya vitu vizuri. Ni gari zuri. Kiti kinanipokea kama mgeni rasmi. Na tena, nitasema lililo moyoni, kuna fahari inanipanda hapa kifuani mpaka nataka kumshika huyu muuzaji tai yake nimwambie, kijana, unajua hizi sura mbili wamezitoa wapi? Wangeweza kutengeneza gari lenye sura yoyote, la mviringo, la ncha, lenye kucheka, ila wamerudi kwenye sura hizi kwa sababu zilipita mahali, na hazikupita zenyewe, kulikuwa na watu ndani, mimi nilikuwa ndani ya moja na huyu mwenye "mm" alikuwa ndani ya jingine, yeye akiwabeba wapima ardhi na mimi nikibeba kasha la barafu lenye chanjo, nikishindana na jua, barafu isiyeyuke kabla sijafika, na ilifika, nasema ilifika. Nyinyi mnauza nyuso zetu. Na pale kwenye Kabati jipya wameandika kibao kwamba rangi ile ni maalumu, watu wanaigombania, rangi ya vumbi, mimi nimeliosha hilo vumbi kila jioni kwa ndoo na dodoki nikilitukana, kumbe ningeliacha likauke niliuze.

"Lile la pale," anasema mwenye tai, naye ni mwerevu, ameona jicho langu linakokwenda, "lile ni zito zaidi, Mama, mtu wa kutulia ndiye hulipenda, injini yake haijui kuchoka, lakini hili ndilo lenye starehe, Mzee hapo atasafiri kama yuko sebuleni." Mzee hapo atasafiri. Amesema bila ubaya, maskini, ni kweli, Mzee hapo atasafiri, Mzee atapelekwa, atateremshwa, atafungiwa mkanda, na nani kasema anataka sebule? Namtupia jicho mume wangu, ameelekeza uso mbele kwenye kioo utadhani kuna barabara, mikono pajani, mtulivu, mtulivu vibaya, na ule utulivu wake unaniuma kuliko angepiga kelele. Basi sema, mwanamke, sema Bati, neno lenyewe fupi, mpe furaha yake, limekushinda nini? Ni kweli mimi ndiye nitakayeendesha, ni kweli nikikaa kwenye lile la pale, maana nilikaa kidogo tulipoingia, nilikaa kama mtu anayejaribu kiatu tu, nikikaa mle mgongo wangu unajua pa kwenda na mguu wangu unajua uzito, na boneti ile ndefu bapa mbele yangu, nilitamani kulia, lakini mimi nina macho yangu mawili, nitaziona barabara na nyumba na watu, nitapata mengi, yeye apate hilo moja. Ndiyo ndoa hiyo. Nafungua mdomo. "Na hapa mbele," anawahi mwenye tai, anapiga bampa kwa kiganja, "kuna ndoano mbili za kuvutia, ingawa kwa hili, Mama, hamtazihitaji maishani," na nikasikia, nina hakika nimesikia, mume wangu amevuta pumzi puani, ile pumzi fupi ya mtu aliyezuia kucheka.

Ndoano. Siku ile mto ulikuwa umefurika, maji mekundu mazito, na katikati ya mto Bati, limekaa kama kuku anayeatamia, maji mpaka kwenye vitasa, wapima ardhi wamepanda juu ya paa na vyombo vyao wamevikumbatia, na dereva wao, huyu huyu mume wangu, amebaki ndani kwenye usukani, hataki kupanda paani, amekaa tu na maji kiunoni. Hatukuwa kitu wakati huo, tulijuana kwa matusi ya karakana, asubuhi ile ile mbele ya mafundi wote alikuwa ameuliza kama Kabati langu linakwenda kazini au linahamishwa nyumba. Nilipita pa juu, penye mawe, Kabati likanguruma likavuka, nikafunga kamba kwenye ndoano, nikamvuta, akatoka akimwaga maji kila upande, na kwetu madereva kulikuwa na desturi, haikuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuivunja, aliyevutwa anapiga honi, kuanzia nyumba ya kwanza ya mji mpaka geti la karakana, honi mfululizo, ili kila mtu atoke aone nani kavuta nani. Nilimvuta njia nzima nikimwona kwenye kioo, amelowa, kichwa juu, na kadiri mji ulivyokaribia huruma ikaniingia, nikawaza vile watakavyomcheka, Bati limevutwa na Kabati, tena Kabati lenye mwanamke ndani, hatalala mjini, basi kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba ya kwanza nikasimama, nikashuka, nikaanza kufungua kamba. "Unafanya nini?" "Injini yako imeshakauka, kaka, jaribu kuwasha, ingia mwenyewe. Hatajua mtu." Akashuka. Sijawahi kuona mtu amekasirika vile na hapandishi sauti. "Dada, funga hiyo kamba." "Nakusaidia." "Hunisaidii. Umenivuta kihalali. Ukinifungulia hapa umeniambia hata kushindwa siwezi." Nikafunga kamba. Akapiga honi, jamani, alipiga honi ile mpaka mtunza stoo akatoka na kijiko mkononi, watoto wakakimbia nyuma yetu, mafundi wakapanda juu ya mapipa kushangilia, na yeye kwenye geti akateremka, amelowa, akaniinamia kichwa mbele ya umati, akasema kwa sauti kubwa, "Nimevutwa na Kabati. Na kesho nitaendelea kulitukana!" Nilimpenda pale pale. Sikungoja jioni. Nilisema moyoni, huyu mtu mzima, huyu nataka niwe nagombana naye mpaka nizeeke.

Na sasa nimezeeka, na nimesimama tena kwenye kona ile, na mkono wangu uko kwenye kamba. Hicho ndicho ninachotaka kufanya, si kingine. Namfungulia. Nikisema Bati atanielewa kabla neno halijamaliza kutoka, atajua sikushindwa, atajua nimemwonea huruma, na atafanya jambo ambalo hajalifanya maisha yetu yote, atasema asante. Namsikia kabisa, "Asante, mke wangu," kwa ile sauti ya kupangusa mdomo. Hajawahi kunishukuru kwa Bati! Kwa chakula ameshukuru, kwa watoto ameshukuru mpaka akalia, lakini kwa Bati hapana, Bati alilipigania, na siku atakaponishukuru kwa kupewa Bati nitakuwa nimemketisha sebuleni kweli, nimemfunika na blanketi. Sina neno... we mzee, una neno. Umegonga mlango mara mbili ukasikia si bati. Umejizuia kucheka juu ya ndoano. Neno unalo limekujaa mpaka masikioni, umekosa tu mtu wa kulirusha kwake, maana tangu daktari wa macho mimi mwenyewe nimekuwa nakubali kila kitu, chai ikipoa nakubali, redio ikipanda nakubali, umesema mvua itanyesha na jua linawaka nimekubali, mimi, Mama Gia, nimekuwa mtu wa ndiyo-ndiyo ndani ya nyumba yangu, halafu nakushangaa wewe umenyamaza. Mtu atabishana na nani? Na mimi je? Nimeendesha gari la serikali kwenye mito na sijawahi kumpa mtu njia kwa kumhurumia, nilimpa aliyestahili, na huyu hapa anastahili nimshinde. Anastahili nilichukue Kabati mbele ya macho yake yaliyochoka, nilichukue kwa sababu ni bora, ndiyo, ni bora, lilikuwa bora na ni bora, na nimwendeshe humo kila siku akiwa na sababu mpya ya kulalamika, kwamba linayumba, kwamba linakunywa mafuta, kwamba kiti ni kigumu, aniambie nilivyokosea kona kwa kusikia tairi tu, na ataweza, sikio lake ni zima, hakuna fundi aliyemshinda sikio. Nimesikia joto limenipanda mpaka usoni. Ni fahari. Naiona fahari yangu wazi wazi, ya kwangu na ya kwake, sitaki kuipunguza.

"Mama?" anasema mwenye tai. Bado ameinama pale pale dirishani, kiganja chake bado kiko juu ya mlango, na binti yetu bado yuko nje na simu yake, sijui ni dakika ngapi zimepita, huenda ni chache mno, na usukani wa Bati bado uko mikononi mwangu, mzuri, mwororo, nauachia kidole kimoja kimoja. "Tuseme lipi?" Mume wangu anageuza uso kunielekea. Hanioni, ananiona kivuli, lakini amesikia viganja vyangu vikiachia usukani, na mtu aliyekaa nami muda wote huu anajua maana yake, kwa sababu taya lake limekaza, na mikono imetoka pajani, ameikunja kifuani, amejipanga kwenye kiti kama mtu aliyesikia mlango wake unagongwa na ana majibu yote, na mimi nashusha pumzi, namgeukia muuzaji, na nimeanza kucheka kabla sijasema, kwa sababu leo nitamuudhi mume wangu, nitamuudhi kweli kweli.